Dhahabu ya Kamituga: kwa nini maji na moto vinatoa karati tofauti?

Swali
Mwalimu, jambo sana. Ninamaliza masomo ya kemia hapa Bukavu. Mjomba wangu alinunua kipande cha dhahabu cha gramu 20 kutoka Kamituga, mji wa machimbo. Alipokipima kwa maji alipata karati 19 (dhahabu safi ni karati 24), akalipa kwa hesabu hiyo, lakini maabara ilipokipima kwa moto ilipata karati 21. Tuamini kipimo kipi? Na je, kupima madini ya thamani ni kazi ambayo mtu anaweza kuishi nayo?

Jibu
Mwanangu, aminini moto. Kipimo cha maji hutegemea msongamano, yaani uzito kwa kila ujazo: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya fedha gramu 10.5, na jedwali analotumia mnunuzi huchukulia kwamba kipande kina metali hizo mbili tu. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki kisha ikachomwa hubaki na vitundu kama sifongo, na vitundu hivyo hushika hewa hata ndani ya maji, hivyo kipande huonekana chepesi kuliko kilivyo. Nimepiga hesabu ya kipande chenu: hewa ya mililita 0.07, ambayo haifiki hata matone mawili ya maji, inatosha kushusha karati 21 hadi 19. Punje ya jiwe jeupe iliyojificha ndani, au shaba iliyochanganyika, nayo hudanganya upande huohuo. Karati mbili katika gramu 20 ni gramu 1.67 za dhahabu safi, na aliyezipoteza ni mchimbaji. Ningependa mjomba wako amtafute amlipe.

Katika maabara, mkemia huchukua robo gramu ya dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa, huongeza fedha kiasi cha mara mbili na nusu ya dhahabu anayoitarajia, hufunga vyote katika karatasi ya metali ya risasi na kuviweka katika kikombe cha majivu ya mifupa ndani ya tanuri yenye nyuzijoto zinazokaribia 1,100. Risasi huungana na oksijeni, na kikombe huinywa pamoja na shaba na takataka nyingine. Risasi ya mwisho inapoondoka, chembe iliyobaki humeta ghafla, na macho ya mkemia hujifunza kuungoja mmeto huo. Chembe hupondwa kuwa utepe mwembamba, husokotwa, kisha huchemshwa katika asidi ya nitriki, ambayo huyeyusha fedha na kuiacha dhahabu. Dhahabu hiyo hutoka ikiwa ya rangi ya udongo, dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa tu. Ikitiwa tena motoni huwa ya manjano, ndipo hupimwa kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya miligramu. Kando yake huchomwa dhahabu safi ya uzito unaojulikana, ili kilichopotea au kubaki kisivyostahili kijulikane na kusahihishwa. Mashine za miali ya eksirei ni za haraka, lakini huona ngozi ya juu tu, kwa hiyo kipande kilichopakwa dhahabu huweza kuzipita.

Kuhusu kazi, ndiyo, inatosha maisha. Wanaohitaji mkemia wa namna hii ni makontwari (nyumba za biashara ya dhahabu), migodi, viwanda vya kusafishia, na CEEC, taasisi ya serikali inayothamini madini ya thamani. Ukienda Lubumbashi, maabara za shaba na kobalti hutaka mikono ileile, kwa sababu kuchukua sampuli kwa haki na kupima kwa uangalifu ni ujuzi uleule. Sehemu ngumu si kemia. Mvuke wa risasi na moshi wa asidi huhitaji kivuta-moshi kinachofanya kazi kila siku, na mnunuzi atakuja kukuomba upunguze nusu karati. Usikubali hata mara moja, kwa sababu cheti chako ndicho mchimbaji atakachokipeleka sokoni.

Kipande kingine kikija, mwambie mjomba akiyeyushe kwanza pamoja na boraksi, unga unaosaidia kutoa takataka, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na jiko la nyumbani, kwa kuwa zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 tu na mvuke wake ni sumu. Kikishapoa, akipime kwa maji tena huku akikitikisa ili mapovu yatoke, kisha alinganishe namba hiyo na ya maabara kabla ya kulipa.