Unga wa titani uliotumika: kuhesabu mizunguko kuliniponza

Kopo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene: R6. Yaani unga uliomo umeshapita kwenye printa yetu ya 3D ya metali mara sita, na kwa kanuni tuliyojiwekea wenyewe tulikuwa na ruhusa ya kufika kumi. Halafu majibu ya maabara yakarudi: oksijeni asilimia 0.14. Titani ya gredi ya 23 mwisho wake ni 0.13. Vipande viwili vya mteja vilikuwa vimeshatoka kwenye unga huohuo, vimeng'arishwa, viko tayari kufungwa. Tukavitupa vyote viwili.

Kwa ambaye hajaiona kazi hii: mashine hutandaza tabaka jembamba la unga wa metali, leza ikayeyusha pale panapotakiwa, ikatandaza tena, mamia hadi maelfu ya mara. Mwishoni unafukua kipande chako kutoka kwenye lundo la unga ambao leza haikuugusa. Unga huo ni ghali, na hakuna anayeutupa. Sote tunauchekecha na kuurudisha.

Ila usidanganyike kwamba unga ambao haukuguswa na leza umebaki ulivyokuwa. Leza inapopiga, vitone vya metali huruka kama mafuta kwenye kikaango. Vikiwa bado vya moto hunyakua oksijeni kidogo iliyobaki ndani ya gesi ya agoni inayojaza mashine, kisha vinaangukia unga safi. Niliviona kwa hadubini: katikati ya chembe za mviringo zinazong'aa kama gololi kulikuwa na madonge yaliyopoteza mng'ao, mengine yamegandana mawilimawili. Ongeza masizi, ongeza joto la saa nyingi, ongeza unyevu unaoingia kila mtu anapofungua kopo "kidogo tu".

Sasa fikiria kibandiko chetu cha R6. Siku moja tulichapisha pini mbili ndogo, saa tatu kazi imekwisha. Siku nyingine sahani ya kuchapishia ilijaa kona hadi kona na leza ikawaka usiku na mchana. Kwenye kopo kila moja ilihesabiwa kama mzunguko mmoja. Hapo ndipo tulipokosea, na ningekuwa naanza leo nisingeanza na namba ya mizunguko kabisa. Ningeandika saa ambazo leza iliwaka, kilo zilizoingia, kilo zilizogeuka vipande, na unga ulilala wapi kati ya kazi moja na nyingine.

Kosa la pili lilikuwa kujazia. Unga ukipungua, tunamimina mpya juu ya wa zamani, na kwa namna fulani moyoni unajiambia kopo limekuwa jipya. Piga hesabu: ukibadilisha nusu kila mara, baada ya kujazia mara nne bado asilimia 6 hivi ni unga wa siku ya kwanza. Hauishi. Kibaya zaidi, kipande kikiletwa na ufa huwezi kusema kimetoka kundi gani la unga, maana makundi yote yamo. Kwa kazi za titani sasa kundi moja halichanganywi na jingine. Likipungua kiasi cha kutotosha kazi kubwa, linafanya kazi ndogo. Kwa chuma cha pua cha 316L bado tunajazia, kwa kuwa chenyewe ni kivumilivu. Alumini ina tatizo lake jingine, unyevu: maji yaliyonata kwenye chembe yanaleta hidrojeni, na hidrojeni inaacha vitundu ndani ya kipande. Unga huo tunaukausha kabla ya kuutumia.

Kuhusu chekeche, nina aibu kidogo kusimulia. Letu lina matundu ya mikroni 63 (mikroni elfu moja ni milimita moja), kwa unga wa mikroni 15 hadi 45. Wiki moja likaanza kufanya kazi haraka ajabu, nikafurahi, nikadhani limesafishwa vizuri. Lilikuwa limechanika pembeni, mpasuko mfupi kuliko ukucha, na kila uchafu ulipita humo. Chekeche likiharakisha ghafla, lisimamishe ulikague. Na hata likiwa zima, donge dogo kuliko tundu linapita, wala oksijeni haichekechwi.

Jaribio la mtiririko nalo lilitupumbaza. Unachukua gramu 50, unazimimina kwenye funeli yenye tundu la milimita 2.5, unapima muda. Unga wetu mpya ulikwama mpaka tugonge funeli. Wa R6 ukashuka wenyewe. Tukasema umekomaa! Kumbe chembe ndogo zilikuwa zimepotea njiani, na zilizobaki kubwa zinateleza vizuri zaidi. Funeli haijui chochote kuhusu oksijeni. Hata kuvuta kipande hadi kikatike kunaweza kukupoteza, kwa sababu oksijeni huongeza nguvu ya titani huku ikipunguza unyumbufu wake. Ukisoma safu ya nguvu peke yake, utashangilia.

Sampuli msichote juu ya kopo. Kopo likitikiswa chembe kubwa hupanda, ndogo huzama. Tumieni kitu kama bambo la magunia, kirefu, kinachofika chini, baada ya kulibingirisha kopo.

Na mafundi wapya, nawaomba: unga wa titani na wa alumini unawaka. Msiufyonze kwa mashine ya kawaida ya vumbi, msiumwagie maji ukishika moto, kizimamoto kiwe cha daraja D, yaani cha moto wa metali, na vyombo viunganishwe na ardhi ili umeme tuli usirushe cheche. Barakoa vaeni hata kama kazi ni ya dakika mbili.

Lile kopo hatukulitupa. Titani ya gredi ya 5 inaruhusu oksijeni hadi asilimia 0.20, kwa hiyo maabara ilipothibitisha vipengele vingine, na mteja mwingine akakubali kwa maandishi, unga wake ulichapisha vishikizo vya mashine. Kibandiko cha R6 nilikibandua mwenyewe. Sasa kila kopo lina daftari dogo lililofungwa kwa waya shingoni, na ukurasa wa kwanza wa la kopo lile umeandikwa 0.14.