Maswali na Majibu: Upasuaji wa Saratani ya Mapafu

Baba ana uvimbe wa saratani wa sentimita 1.8 pembezoni mwa pafu. Daktari mmoja anataka kuondoa pande zima, mwingine kipande chake tu. Tumsikilize nani?

Wote wawili wana hoja. Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili, na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kuondoa pande zima, hasa baada ya utafiti wa Amerika Kaskazini wa mwaka 1995 kuonyesha kwamba waliokatwa sehemu ndogo walirudiwa na saratani kifuani mara nyingi zaidi. Wakati ule, hata hivyo, walihesabiwa pia wenye uvimbe wa hadi sentimita 3. Japani iliwafuatilia wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba, baada ya miaka mitano, asilimia 94.3 ya waliotolewa kipande walikuwa hai, dhidi ya asilimia 91.1 ya waliotolewa pande zima, ingawa saratani ilirudi palepale kwa asilimia 10.5 ya kundi la kwanza na asilimia 5.4 tu ya kundi la pili. Kwa hiyo waulizeni madaktari mambo mawili: je, tezi za limfu, yaani vivimbe vidogo vya kinga ambamo saratani huweza kusambaa, zitachunguzwa wakati wa upasuaji, na je, uvimbe utatoka ukiwa umezungukwa na nyama salama ya kutosha, yaani walau sentimita 2 au upana wa uvimbe wenyewe? Majibu yakiwa ndiyo, na hasa kama pumzi ya mzee ni ndogo, mimi ningeelemea kwenye kipande.

Je, mtu anaweza kuishi na pafu moja?

Anaweza, mradi lililobaki ni zima. Mwaka 1933 huko St. Louis, Marekani, Evarts Graham alimwondolea daktari mwenzake pafu zima la kushoto kwa sababu ya saratani. Mgonjwa huyo aliishi hadi mwaka 1963. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji wa sigara, alifariki mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu.

Upasuaji wa kamera, kupitia matundu madogo, ni bora kuliko wa kufungua kifua?

Kwa kupona haraka, ndiyo. Nchini Uingereza, katika utafiti wa wagonjwa 503, waliopasuliwa kwa kamera walikaa hospitalini siku 4 badala ya 5, wakapata matatizo machache zaidi, na wiki ya tano walikuwa na nguvu zaidi za kufanya shughuli zao. Saratani yenyewe haikuondolewa vibaya zaidi kwa njia hiyo. Hata hivyo, daktari bingwa aliyezoea kufungua kifua ni afadhali kuliko anayejifunzia kamera juu yako.

Mama ametoka chumba cha upasuaji akiwa na mrija ubavuni unaoingia kwenye chupa ya maji, nayo inatoa mapovu. Ni hatari?

Siku za mwanzo ni kawaida: hewa inavuja mahali pafu liliposhonwa, na maji yanaizuia isirudi kifuani. Mwambieni akohoe kidogo mkitazama chupa. Mapovu yakipungua siku hadi siku, mahali panapovuja panaziba. Maji ndani ya mrija yakipanda na kushuka kadiri anavyopumua, ujue mrija haujaziba. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote, hata anapokwenda msalani, na mrija usibanwe bila idhini ya daktari. Mapovu yakiongezeka ghafla, au akianza kuhema, mwiteni muuguzi papo hapo.