Maswali ya wasomaji: Bunduki ya kwanza ya kuwindia kulungu

SWALI: Shikamoo kaka. Natokea Mwanza ila niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba sasa. Wenzangu kazini kila mwaka wanaenda kuwinda kulungu, mwaka jana niliwafuata mikono mitupu nikarudi na paja zima, mwaka huu nataka niende na bunduki yangu. Kozi ya usalama ya wawindaji nimeshamaliza, ila renji, yaani uwanja wa kupiga shabaha, nimeenda mara 4 tu na .22 ya kuazima, ile bunduki ya risasi ndogo. Muuzaji mmoja kaniambia nichukue .30-06 eti hiyo inamaliza kila kitu, mwingine anasema .45-70. Bajeti dola 700 pamoja na skopu, ile darubini ya kulengea. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuanza na kozi. Hiyo .30-06 iache hapohapo dukani. Ni bunduki nzuri, Wamarekani wameiwindia zaidi ya miaka 100, lakini Ohio hairuhusiwi kwa kulungu, na nimeshaona watu wanauziwa halafu wanakuja kujua wiki ya msimu. Ohio rifle ya kulungu lazima itumie risasi yenye ganda lililonyooka, yaani ganda linalopanda moja kwa moja bila kubana shingo kama chupa ya soda, na kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, iwe kati ya .357 na .50. Sheria hiyo ilianza 2014, kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia shotgani tu kwa sehemu kubwa. Ukishika risasi ya .30-06 mkononi utaona mabega yake kabisa, hiyo ndo inayokatazwa. Na ndani ya bunduki usiweke zaidi ya risasi 3, unahesabu ya kwenye chemba, ile iliyo tayari kufyatuliwa, pamoja na za magazini.

.45-70 yenyewe inaruhusiwa. Hapo sasa nakuomba unisikilize maana hii imenikuta mimi mwenyewe. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa .45-70 nyepesi, niliambiwa kubwa ndo ya uhakika, nikapiga risasi kama 12 siku ya kwanza bega likawa bluu, na tangu hapo mwili ukaanza kuogopa kabla hata sijafyatua, jicho linafumba, mkono unavuta triga kwa nguvu, mtutu unashuka. Mwenyewe hujui kama unafanya hivyo. Msimu ulipofika nikampiga kulungu jike yadi 60 tu, nikampiga nyuma sana, tumboni. Tulifuata damu kwa tochi mpaka karibu saa tano usiku tukiwa na mwenye shamba, na hatukumpata. Ile kitu inaniuma mpaka leo, mnyama ameteseka kwa sababu mimi nilichagua bunduki nisiyoiweza.

Kwa hiyo jibu langu ni .350 Legend, ya bolti, ile unayokoki mwenyewe kwa mkono kila risasi. Winchester waliitoa hii risasi 2019, na usitishwe na jina, kipenyo chake ni .357 kwa hiyo Ohio iko halali. Teke lake begani ni kama nusu ya la .30-06 au pungufu, na kwa kulungu mpaka kwenye yadi 200 inatosha kabisa, na kwenye misitu ya Ohio wengi utawapiga chini ya yadi 100. Angalia Ruger American, Savage Axis au Mossberg Patriot, zote zinatoka kwa kaliba hiyo, na kwa bajeti yako utabakiwa na hela ya skopu ya 3-9x40, yaani inayokuza mara 3 mpaka 9, lenzi ya mbele milimita 40. Zaidi ya hapo kwenye skopu usihangaike, hela inayobaki nunua risasi za mazoezi.

Ukiwa dukani usiangalie urembo wa mbao. Hakikisha kwanza haina risasi, omba ruhusa, elekeza mtutu salama, kisha fumba macho uweke kitako begani, shavu likae linapokaa lenyewe, halafu fumbua. Kama unaona kupitia skopu duara zima bila kunyoosha shingo wala kuinamisha kichwa, hiyo bunduki ni saizi yako. Ukiona kivuli cheusi pembeni jaribu nyingine. Na vaa koti, maana utawinda kwenye baridi na koti linaongeza unene begani.

Renji mwambie rafiki akujazie bunduki bila wewe kuona, mara risasi ya kweli mara risasi bandia. Ikilia "tik" tupu na mtutu ukashuka, ujue unaiogopa, rudi kwenye .22 upige taratibu. Halafu bandika sahani ya karatasi yenye upana wa inchi 8, hiyo ndo takriban sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia kwenye sahani ukiwa umekaa au umepiga goti, sio ukiwa umeegemea benchi, ndo umbali wako wa kupiga mwaka huu, hata kama ni yadi 70.

Usisahau vesti ya rangi ya chungwa na ruhusa ya maandishi ya mwenye shamba, Ohio wanaidai.

SWALI: Mimi niko Minneapolis, naandikia mkono wa kulia lakini nimeambiwa jicho langu la kushoto ndo lenye nguvu. Nina bunduki ya mkono wa kulia tayari. Niuze?

JIBU: Hapana, jipime kwanza dada. Nyoosha mikono, viganja vitengeneze tundu dogo, angalia kitasa cha mlango kupitia hilo tundu macho yote wazi, halafu fumba jicho la kulia. Kitasa kikibaki basi ni kweli kushoto ndo kunaongoza. Kwa rifle yenye skopu unaweza kufumba la kushoto ukaendelea kupigia kulia, wengi wanafanya hivyo na wanapiga vizuri. Ila kwa kuwa bado hujazoea, ningekuwa wewe ningejaribu bega la kushoto kwa siku mbili tatu na .22 kabla ya kuamua. Ukijisikia sawa, Savage wana za bolti ya kushoto, au tafuta ile ya risasi moja inayofunguka katikati kama CVA Scout, yenyewe mkono wowote inakubali.