Kabla shujaa hajaokoa sayari, nionyeshe anamwacha nani

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umesema katuni yako ina sehemu 12: sita za mwanzo shujaa anapigana na wavamizi kutoka sayari nyingine, sita za mwisho anarudi mtaani kusaidia watu wa kawaida, akiwemo yule mtoto mgonjwa wa sehemu ya tisa. Halafu unauliza umpe nguvu ngapi na vazi la aina gani. Usichore hata kisanduku kimoja kwa mpango huo.

Nilishachora hadithi ya namna hiyo hiyo, na aliyenitia humo ni mwalimu mmoja wa warsha aliyetukaririsha kwamba msomaji hashikwi mpaka tishio liwe la dunia nzima. Kila nikimpelekea kurasa, jibu ni lile lile: kuza. Jengo likawa jiji, jiji likawa bara, bara likawa sayari. Mpaka leo nina hasira naye, maana watu wanaojifunza walimwamini. Shujaa alipomaliza kusukuma kimondo kwa mikono miwili, nikamrudisha mtaani amsaidie mjane aliyetolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Hadithi ikafa palepale. Aliyesukuma kimondo atamshindwaje mwenye nyumba? Wasomaji wakaanza kupungua, na mmoja akauliza: yule mama wa ukurasa wa pili, aliyekuwa akining'inia dirishani wakati shujaa anapaa kwenda angani, aliokolewa na nani? Sikuwa na jibu. Nilimchora kujaza nafasi, kumbe ndiye pekee aliyekuwa amemshika msomaji.

Kwa hiyo shika hili: tishio la dunia na mtu mmoja mwenye jina wamhitaji shujaa saa ile ile. Akienda kwa huyu, yule aumie, na msomaji aone anavyoumia. Ukiwatenga kwa sehemu sita sita, shujaa hana cha kuchagua, anafuata ratiba tu.

Waliotangulia walilijua hili. Superman alipotoka mara ya kwanza mwaka 1938 alikuwa anakimbizana na muda kumwokoa mwanamke asiuawe kwenye kiti cha umeme kwa kosa lisilo lake, kisha akamkabili mume anayempiga mkewe. Mwaka 1970, mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams walimleta mzee mweusi mbele ya Green Lantern, shujaa mwenye pete inayomfikisha sayari za mbali. Mzee anamwambia amesoma alivyowahudumia wenye ngozi ya bluu, ya chungwa na ya zambarau huko angani. Mbona weusi hapa duniani hajawahi kuwashughulikia? Shujaa anainamisha kichwa, hana la kusema. Hakuna ngumi iliyorushwa pale, na bado watu wanauzungumzia ukurasa huo hadi leo. Mimi nauona mzito kuliko vita vingi vya anga nilivyosoma.

Sasa mtoe yule mtoto sehemu ya tisa, mlete ya kwanza. Mpe jina. Mpe saa ya kuingia chumba cha upasuaji, na shujaa awe amemwahidi kumshika mkono mlangoni. Wavamizi wafike saa hiyo hiyo. Ukishachora kurasa hizo zilete hapa tuzisome, kabla hujagusa sehemu ya pili.