Resiva Moja au Vipande Vipande? Majibu ya Maswali Yenu ya Sauti

Heshima yako mkuu. Nimemaliza kujenga, nimehamia, sasa nataka sebule iwe na sauti ya maana. Chumba ni mita 4 kwa 5, TV inchi 55, naangalia mpira, Netflix na muvi za kwenye flashi. Nina milioni 4. Jamaa mmoja wa duka Kariakoo ananiambia resiva ni za wanaoanza, nichukue prosesa yuzdi iliyotoka Ulaya na pawa ampu mbili kwa milioni 3, halafu spika nitafute zozote kwa hela itakayobaki. Shemeji yangu anasema chukua resiva. Nimsikilize nani? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

Msikilize shemeji. Tena usisite, manake kwa hesabu ya jamaa wa duka hela nyingi imeenda sehemu ambayo sikio lako halitaisikia kabisa, na kile kinachosikika, yaani spika, kimebakiziwa chenji.

Kwa wengine mnaosoma: resiva ni boksi moja lenye kazi zote ndani, linapokea HDMI kutoka kwenye TV, deki au king'amuzi, linachambua sauti na kuigawa mbele, katikati, nyuma na kwenye sabufa, halafu lina ampu humo humo za kusukuma spika. Ukienda kwa vipande maana yake kazi hizo umezitenganisha, prosesa inachambua, pawa ampu zinasukuma, na kati yao unapitisha waya. Vipande vina faida zake na nitazisema, ila sio kwamba mwenye vipande amefaulu na mwenye resiva amebaki darasani.

Tuanze na wati manake ndio watu wanauziwa hapo. Chukua spika ya kawaida tu ambayo karatasi yake inasema 88 dB, yaani ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 mbele yake unapata desibeli 88 (desibeli, au dB, ndio kipimo cha ukubwa wa sauti). Wewe kwenye sofa uko kama mita 3, sauti imeshuka karibu desibeli 10, kwa hiyo kwa wati 1 peke yake unabaki na kama 78, na hapo mtu wa chumba cha pili ameshaanza kulalamika. Kiwango rasmi cha kumbi za sinema ni kila spika iweze kufika desibeli 105 kwenye vilele vya sauti, ila nyumbani karibu kila mtu anasikiliza chini ya hapo kwa 10 mpaka 20. Tuseme unataka vilele vya 90, hapo spika inataka wati kama 15 hivi, na kwa muda mfupi tu, sekunde moja mlipuko umepita. Sasa resiva yenye wati 80 au 100 imeshakuacha na akiba ya kutosha. Halafu kingine ambacho hawakwambii, ukipanda kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia ukitega sikio, na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, maana yake wati mara 10!

(Na hapa sizungumzii zile PMPO, wati za kutangazia biashara, za kwenye maboksi ya sabufa, wati 5000 sijui 10000. Geuza nyuma usome kibandiko, unaweza kukuta mashine nzima inatumia umeme wa wati 60.)

Resiva nayo namba yake isome kwa makini. Ikiandikwa wati 100 kwa kila chaneli, yaani kila njia ya spika moja, mara nyingi imepimwa chaneli 2 tu zikifanya kazi, zikipigwa zote 7 kwa pamoja kila moja inapata pungufu. Lakini filamu haipigi chaneli zote kwa nguvu moja kwa wakati mmoja, na ukiingia kwenye menyu ukazipanga spika zako kuwa "Small" ili sabufa ibebe sauti zote nzito, zilizo chini ya hezi 80, hapo umeitua resiva mzigo mzito kuliko yote, manake besi ndio inayokula umeme, na sabufa nzuri ina ampu yake yenyewe.

Sasa hiyo prosesa yuzdi, hapa ndio naomba unielewe vizuri ndugu yangu. Pawa ampu haizeeki upesi. Ampu nzuri ya miaka 20 iliyopita ukibadilisha vikapasita vilivyochoka inapiga vilevile leo. Prosesa inazeeka, tena vibaya. Spesifikesheni ya kwanza ya HDMI ilitoka 2002, kwa hiyo kuna prosesa nyingi nzuri za zamani ambazo hazina HDMI hata moja, zina tundu la waya wa optiko tu, na optiko inapitisha Dolby Digital na DTS za kawaida za 5.1 (spika tano na sabufa moja), basi, Dolby TrueHD, ile sauti kamili ya diski za Blu-ray, haipiti. ARC, ile ya TV kurudisha sauti kwenye resiva kwa waya uleule wa HDMI, imekuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Dolby Atmos ya nyumbani, ile ya sauti zinazotokea hata juu ya kichwa, imeanza 2014. eARC, yaani ARC iliyoboreshwa inayopitisha hata TrueHD, imekuja na HDMI 2.1 mwaka 2017. Kila hatua hapo prosesa iliyokuwa ya mamilioni imegeuka kitu cha kuwekwa stoo, na ndio maana zinauzwa rahisi. Kabla hujatoa hata senti muombe huyo jamaa aigeuze uone nyuma, tafuta tundu la HDMI lililoandikwa eARC au angalau ARC. Kama halipo, ondoka.

Ningekuwa na milioni 4 zako, zaidi ya nusu ingeenda kwenye spika na sabufa, spika 3 za mbele zinazofanana sauti, mbili za nyuma ndogo, sabufa moja ya kweli. Usiibane ile ya katikati manake maneno karibu yote ya filamu yanatokea pale. Hata zile muvi za kutafsiriwa, ambazo sauti yake mara nyingi ni chaneli mbili tu na mtafsiri anaongea juu ya waigizaji, resiva ukiiweka kwenye Dolby Surround, ile modi ya kutawanya sauti ya chaneli mbili kwenye spika zote, inachukua kile kilicho sawa kulia na kushoto, ambacho ni sauti ya mtafsiri, inakipeleka spika ya katikati, basi unamsikia vizuri bila kupandisha volyumu.

Halafu resiva yenyewe chagua yenye matundu ya pri-auti, yale ya kutoa sauti kwenda ampu ya nje, angalau kwa spika mbili za mbele. Za bei ya chini nyingi zina tundu la kutolea sabufa tu, kuwa makini. Zile za juu, kama Denon AVR-X3800H, zina ampu 9 ndani lakini zinachambua chaneli 11, na zote zina pri-auti, ila hiyo nakupa kama mfano, kwa bajeti yako itakula hela ya spika. Ukiwa na pri-auti mlango uko wazi, siku ukihamia sebule kubwa unaongeza pawa ampu ya spika za mbele na resiva inabaki kuwa prosesa yako.

Ni lini mtu anahitaji vipande kweli? Kama spika zako ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, ikiwa ndogo spika inavuta umeme mwingi kwenye ampu) na ni ngumu kusukuma, tuseme 83 dB, na unakaa mita 5. Piga hesabu ileile, wati 1 inakufikishia desibeli 69, ukitaka vilele vya 95 unahitaji wati 400. Hapo resiva haiwezi, itakwaruza sauti, itajizima, na ile sauti iliyokwaruzwa ndio inaua twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Chumba chako cha mita 4 kwa 5 hakiko huko.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Resiva inatoa joto, na Dar joto tunalo tayari, kwa hiyo usiifungie kwenye kabati la TV lenye mlango wa kioo, usiweke king'amuzi juu yake, na kile kitambaa cha kudarizi ambacho mama watoto anapenda kufunika kila chombo cha sebuleni, mwombe kwa heshima asikiweke hapo, yale matundu ya juu ndio pua zake. La pili ni sakafu. Nyumba mpya zetu ni tailizi chini, ukuta wa saruji, madirisha ya alminiamu, piga kofi moja usikie linavyolia. Zulia nene mbele ya sofa na mapazia mazito vitakusaidia kusikia maneno kuliko ampu yoyote utakayouziwa.

Mtaalamu habari. Nina kibanda umiza, wanaingia watu kama 60 siku ya mechi kubwa, bati juu, viti vya mbao. Resiva yangu inachemka na kuzima dakika ya 70. Nitafute resiva kubwa zaidi? (Msomaji wa Mwanza)

Hapana. Hiyo resiva umeipa kazi isiyo yake, imetengenezwa kwa sebule na watu watano. Wewe ndiye hasa mtu wa vipande, ila vipande vya aina nyingine, vile vya kumbi na harusi. Chukua miksa ndogo, sauti ya king'amuzi iingie humo, itoke kwenda pawa ampu yenye feni na spika mbili za ukumbi, au spika zenye ampu ndani usihangaike na pawa kabisa. Spika za ukumbi nyingi zinatoa 95 mpaka 98 dB kwa wati 1, yaani ziko desibeli 7 mpaka 10 juu ya zile za nyumbani za 88, ni sawa na kuzidisha wati mara 5 hadi 10 bila kununua wati hata moja. Mambo ya spika za nyuma achana nayo, kwenye kibanda aliyekaa nyuma kabisa atasikia kelele za mashabiki kwenye spika iliyo karibu naye na mtangazaji hamsikii. Zitundike juu kupita vichwa vya watu, ziinamishe kidogo zimwelekee mtu wa nyuma, ili wa mbele wasipasuliwe masikio. Besi punguza, bati linatetemeka na ndilo linameza maneno ya mtangazaji.

Salaam aleikum. Kakangu yuko Marekani amepata pawa ampu ya chaneli 5 kwa bei nzuri sana, kuna mwengine yuko Maskati pia anaweza kunitafutia. Wapi ni bora? (Msomaji wa Mombasa)

Waaleikum salaam. Maskati, bila kufikiri mara mbili. Oman ni volti 240, hezi 50, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa tunayotumia, unatoa kwenye boksi unachomeka. Marekani ni volti 120 hezi 60, ukichomeka hapo Mombasa moja kwa moja umeiunguza siku hiyohiyo. Baadhi ya pawa ampu zina swichi ya kuchagua volti nyuma au ndani, mwambie kakako asome kibandiko na akupigie picha, kama kimeandikwa 120V 60Hz peke yake basi utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe na uwezo mkubwa kuliko ampu inavyokula, ampu ya chaneli 5 inaweza kutaka wati elfu na zaidi, hilo transfoma ni zito, lina bei, na mengine yanavuma sebule nzima. Isitoshe transfoma ya ndani ya ampu iliyoundwa kwa hezi 60 pekee huchemka zaidi kwenye hezi 50. Na kwa wanaoagiza resiva, redio za FM za Marekani zinaruka kwa namba witiri, 88.1, 88.3, kwa hiyo stesheni ya kwetu iliyoko 88.4 hutaipata sawasawa. Bei nzuri ya kakako jumlisha na usafirishaji wa kilo 25 kisha uangalie tena.

Mkuu, nimeunga pawa ampu kwenye pri-auti za resiva, sasa kuna mvumo mmm hata muvi ikiwa imesimama. Fundi anasema nikate pini ya athi kwenye plagi ya ampu. Ni sawa? (Msomaji wa Morogoro)

Usikate! Tafadhali. Athi, yaani waya wa ardhini, ndio inayokulinda siku umeme ukivujia kwenye bodi ya ampu, na mtoto ndiye atakayekuwa wa kwanza kuigusa. Mvumo huo unakuja kwa sababu vyombo vyako vimekutana na athi kwa njia mbili tofauti, na hii ni kero ya vipande, boksi zikiongezeka njia nazo zinaongezeka. Fanya hivi, chomeka resiva, ampu, TV na king'amuzi kwenye ekstensheni moja nzuri, ya soketi moja ya ukutani. Bado inavuma? Chomoa waya wa dishi au antena kwenye king'amuzi huku unasikiliza, mara nyingi sana ndipo unapoingilia. Mvumo ukinyamaza, tafuta kile kifaa kidogo cha kutenganisha athi kwenye waya wa antena, kwa wa dishi hakikisha ni kinachopitisha umeme wa kwenda juu kwenye LNB, kile kichwa cha dishi, la sivyo picha itapotea. Kama vyombo vyako vina matundu ya pini tatu kama ya maiki, tumia hayo badala ya RCA, yale matundu ya kawaida ya mviringo mekundu na meupe. Halafu mwite fundi wa umeme apime athi ya nyumba yenyewe, nyumba nyingi zina soketi za pini tatu lakini ile ya tatu haijaunganishwa popote, au fito ya athi pale nje imeshaoza kwa kutu.