Barua kwa mwanangu: usiage Sinza kabla funguo za Goba hazijafika mkononi

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa sokoni makelele mengi sikuelewa, nikarudi nyumbani nikakaa na baba yako tukaisikiliza tena taratibu. Unasema kodi yenu ya Sinza inaisha tarehe 30 mwezi wa tisa na mwenye nyumba ameshaanza kuulizia miezi sita mingine, huku muuzaji wa ile nyumba mnayonunua Goba anawaambia mwisho wa mwezi wa nane nyumba mnakabidhiwa, sasa unaniuliza umpe mwenye nyumba taarifa kwamba mnahama ili msitupe hela ya kodi bure au mlipe tu. Usiage mwanangu. Bado kabisa. Ntakwambia kwanini, na leo ntaandika kirefu kwasababu jambo lenyewe linanigusa.

Wewe ulikuwa na miaka minne, unakumbuka tu kwamba tulikaa kwa mjomba wako Mazimbu, Morogoro, na ulikuwa unalala na binamu zako, kwako ilikuwa raha. Kwangu haikuwa raha hata kidogo. Ilikuwa mwaka 1997, tumepanga vyumba viwili Mji Mpya, baba yako amepata nyumba ya kununua Kihonda, hela tumeichanga miaka na miaka, muuzaji akatuambia mwezi wa nne mnaingia. Tukamuaga mwenye nyumba, na yeye hakukosea, vyumba vyake akampa mtu mwingine ambaye alishalipa. Siku tunaenda Kihonda na vyombo kwenye fuso tunakuta kuna mpangaji na familia yake ndani, wanapika. Muuzaji alishachukua kwao kodi ya mwaka mzima, imebaki miezi saba, na hela ameshaila. Yule mpangaji alitoa karatasi yake akatuonyesha, ungemfanyaje, amelipa kihalali kama sisi tulivyolipa, na mtu mwenye mkataba wake huwezi kumtoa nje kwasababu tu nyumba imebadilisha mwenyewe. Mwezi wa nne Morogoro unaujua mvua zake. Makochi na kabati tulivifunika turubai uani kwa mjomba, kabati likavimba milango ikawa haifungi tena, na godoro lenu tukalitupa. Miezi saba tulikaa pale mwanangu. Mjomba na mkewe hawakuwahi kutununia, Mungu awabariki, lakini mimi nilikuwa nanyong'onyea kila nikichota unga wao.

Kwahiyo swali langu la kwanza kwako kabla hata ya kodi ya Sinza, hiyo nyumba ya Goba nani anaishi humo sasa hivi? Usimuulize dalali. Nenda mwenyewe na mumeo, jumamosi jioni watu wakiwa nyumbani, piga hodi, salimia majirani. Kama kuna mpangaji muulize kwa upole kalipa mpaka lini, alafu hiyo tarehe iandikwe kwenye mkataba wa mauziano, kwamba nyumba inakabidhiwa tupu, tarehe fulani, na hela ya mwisho inatoka siku hiyo ya funguo na si kabla. Bakizeni hela ya maana, siyo laki mbili tatu ambazo mtu anaweza kuzisamehe, bakizeni kiasi ambacho muuzaji atakikimbilia mwenyewe.

Na hiyo mwisho wa mwezi wa nane, mimi siiamini. Simwiti yule baba mwongo, ila karatasi zina mwendo wake. Umesema nyumba ina hati, vizuri sana, basi wakili wenu aende kwa msajili wa hati afanye upekuzi aone jina ni la nani na kama hati haijawekwa rehani benki. Mthamini apite, na ile ripoti yake lazima iidhinishwe serikalini. Muuzaji alipe TRA, mamlaka ya mapato, kodi ya faida aliyoipata, hiyo ni yake siyo yenu, hakikisheni mkataba unasema hivyo maana wengine wanapenda kuwasukumia wanunuzi, na bila cheti cha TRA uhamisho wa hati hauendi. Alafu kuna ushuru wa stempu asilimia 1, na kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa hakuna deni la nyuma. Hapo hujagusa benki yenu ambayo nayo haitoi mkopo mpaka iridhike na hiyo hati. Kila meza wiki mbili, tatu, mara mtu yuko likizo, mara sahihi imekosekana. Na mke wa muuzaji amesaini ridhaa? Nyumba ya ndoa mume haiuzi peke yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na kesi za mke kuibuka baada ya hela kulipwa zimejaa mahakamani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa mnaweza kumshirikisha, ni vizuri akawajua, ila muhuri wake hauhamishi hati.

Ukijumlisha hayo yote utaona kwanini naogopa mkimuaga mwenye nyumba sasa hivi. Na kuna mjukuu wangu. Yuko darasa la nne, mtihani wa taifa wa upimaji ni mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja, mnataka kumhamisha mwezi wa tisa kutoka Sinza mpaka Goba aamke saa kumi alfajiri awahi shule ile ile? Mwacheni amalize mtihani wake, shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili ndo mhame, na mwezi wa kwanza aanze shule mpya la tano na wenzie.

Hivyo nendeni kwa mwenye nyumba, muende wawili, mapema, msingoje yeye ndo aje kuwagongea. Msimwambie mnahama. Mwambieni mnaomba mkataba wa miezi mitatu badala ya sita, oktoba novemba desemba. Atakataa mara ya kwanza, wenye nyumba wa Dar wamezoea sita na mwaka. Basi muongezeeni kidogo, mnalipa laki nne kwa mwezi si ndio, mpeni laki nne na nusu, miezi mitatu ni milioni moja laki tatu na nusu. Miezi sita ni milioni mbili na laki nne, na ukiilipa ukahama katikati usitegemee kurudishiwa hata mia. Najua utasema mama hiyo laki na nusu ya juu ni hela ya tiles, ni kweli mwanangu, lakini hiyo ndo bei ya kulala kwenu na watoto wako mpaka funguo zipatikane, na hata mkikabidhiwa Goba mwezi wa kumi nyumba ikakaa miezi miwili na nyinyi bado mko Sinza, hiyo hela haijapotea. Huo muda mnapaka rangi, mnaweka nyavu za madirisha, fundi bomba anarekebisha bila vumbi kuingia kwenye chakula cha mtoto mdogo. Tena vuli itakuwa imeanza, mtaona wapi panavuja, na ile barabara ya kupanda kilimani gari inafikaje mvua ikinyesha. Mkataba wenu wa sasa usomeni pia, notisi imeandikwa ya muda gani, kama ni mwezi mmoja basi mkishashika funguo andikeni barua, abakie na nakala na nyinyi nakala yenu ameisaini.

Akikataa kabisa miezi mitatu, nipigie kabla hujalipa chochote. Mimi na baba yako tumeongea, tunaweza kusaidia kidogo kwenye hiyo sita, bora tuisaidie hiyo kuliko kuwaona mnahamahama na vyombo.

Siku ya kutoka Sinza piga video kila chumba, kuta, masinki, milango ikifungwa na kufunguliwa, bili ya maji ilipwe mpaka mwisho uwe na risiti. Na siku ya kuingia Goba nunueni umeme wa LUKU wa elfu kumi mbele ya muuzaji mwone uniti zinazotoka, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme, sasa hivi elfu moja mia tano kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kama hiyo mita imekaa muda bila kununuliwa umeme deni linakuwa limejikusanya linawasubiri nyinyi. Dogo tu hilo lakini linaudhi.

Mumeo mwambie asione mama mkwe anaingilia. Najua anataka sana mtoke kwenye kupanga, hata mimi nataka, nimewaombea hicho kitu tangu mmeoana. Ila nataka muingie mara moja, mtandike vitanda usiku uleule.

Mwezi wa kumi na mbili nikijaliwa nakuja wiki nzima kukusaidia kufunga vyombo. Anza kuweka maboksi pembeni kuanzia sasa, na sufuria zangu kubwa ulizochukua kwenye kipaimara usizipakie chini ya vitu vizito. Nijulishe kwanza nani anaishi kwenye hiyo nyumba.

Mama yako