Prince Edward: shule zilifungwaje miaka mitano?

Ndugu, umeuliza kaunti ya Prince Edward, Virginia, iliwezaje kufunga shule zake zote za umma 1959 hadi 1964, na bodi ya shule ilikuwa wapi. Jibu liko mfukoni. Kule bodi ya shule haina mamlaka ya kutoza kodi. Fedha hutengwa na Bodi ya Wasimamizi wa kaunti. Mahakama ilipoamuru ubaguzi wa rangi shuleni ukome ifikapo Septemba 1959, wasimamizi walikataa tu kutenga fedha. Hakuna mishahara, hakuna shule.

Usichanganye na kufungwa kwa shule za Norfolk na Charlottesville mwaka 1958. Hizo zilifungwa na gavana kwa sheria ya jimbo, na sheria hiyo ikabatilishwa Januari 1959.

Chimbuko la amri hiyo ya mahakama ni mgomo wa Aprili 1951 shule ya Moton, sekondari ya weusi katika kaunti hiyo, ulioongozwa na Barbara Johns, msichana wa miaka 16. Jengo lilikusudiwa wanafunzi 180, wakawa zaidi ya 450. Waliozidi walisomea vibandani vilivyofunikwa karatasi ya lami. Wakaenda mahakamani, na kesi yao iliunganishwa na ile ya Brown, iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Watoto weupe wakahamia shule binafsi, na kuanzia 1960 ada ilichangiwa na ruzuku za umma (yaani fedha zilikuwepo!). Weusi wengi wakabaki nyumbani. Mei 1964, katika kesi ya Griffin, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jaji anaweza kuwalazimisha wasimamizi watoze kodi. Septemba shule zikafunguliwa.